Kichuguu tulichosawazisha kikaja kutokea chumbani

Ilikuwa Novemba 2020, mvua za kwanza hapa Dodoma zimeanza kudondoka, na sisi tuna miaka mitatu tu tangu tuhamie kwenye nyumba yetu. Mama alikuwa amekuja kutusalimia. Asubuhi moja akaniita, "mwanangu, hebu njoo uangalie huu mlango", nikaenda, akabonyeza fremu kwa kidole gumba pale chini karibu na sakafu na kidole kikazama. Yaani kilizama kama unabonyeza mkate. Rangi ya mafuta iko vile vile, inang'aa, haina hata mchubuko, lakini nyuma ya rangi hakuna mbao tena, kuna udongo umepangwa tabaka tabaka na mchwa, wale wadudu weupe, wanakimbia mwanga.

Nikakumbuka kabati. Ni kabati la kujengea ukutani, ukuta huo huo wa mlango, na rafu ya chini kabisa ndo nilikuwa naweka makaratasi yetu muhimu kwenye boksi. Nilipovuta boksi chini yake haikuja, ilibaki pale pale imegandana na sakafu. Cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa kimebaki pembe moja tu yenye plastiki, karatasi za mauziano ya kiwanja zimetobolewa kama chujio, kitenge alichonipa marehemu shangazi siku ya harusi yangu nacho wamekula mikunjo yote ya chini. Kufuatilia karatasi upya kulinichukua miezi na hela nyingi, ila kitenge hakifuatiliwi popote. Nililia siku ile na sioni aibu kusema.

Naandika haya kwa sababu naona watu wengi wanajenga sasa hivi huku pembezoni mwa mji, viwanja ni vipya, mapori yamefyekwa juzi tu, na wanarudia kile kile tulichofanya sisi.

Sasa tulifanya nini. Kiwanja chetu kilikuwa na kichuguu kikubwa, kirefu kunizidi mimi, na mgunga mmoja pembeni yake. Mwaka 2016 tulipoanza msingi yule fundi wa kwanza akatuambia kichuguu ni mali, udongo wake unashika vizuri, tukivunje tujazie ndani ya msingi badala ya kununua kifusi. Tukafurahi kabisa, tumeokoa tripu kadhaa za lori. Mgunga ukakatwa usawa wa ardhi, kisiki kikabaki, sebule ikapita juu yake. Vigingi vya kupimia msingi vilibaki ndani, vipande vya mbao vya kufungia zege la mkanda vilibaki ndani, mifuko ya saruji ya karatasi nayo ikafukiwa humo humo. Nilikuwa nakuja kusimamia kila Jumamosi, nimeyaona yote hayo kwa macho yangu na sikujua ninachokiona.

Kichuguu unachokiona juu siyo mchwa wenyewe. Mchwa wa vichuguu, malkia wao anakaa chini, kwenye chumba cha udongo mgumu, anataga maelfu ya mayai kwa siku na anaweza kuishi miaka mingi, na kule chini wale vibarua wao wanalima kabisa, wanarudisha majani na mbao walizotafuna wanaoteshea ukungu ambao ndo chakula chao. Ule uyoga mkubwa mtamu unaoota kwenye vichuguu mvua zikianza unatokana na hilo shamba lao. Kwa hiyo kukwangua kichuguu juu ni kama kufyeka majani ya muhogo ukadhani umeng'oa na mizizi. Sisi tulifyeka, halafu tukawajengea paa juu, tukawaachia na kisiki, vigingi na karatasi za kuanzia.

Baada ya kugundua, kitu cha kwanza tulichofanya kilikuwa kibaya, tuliogopa tukakimbilia dawa. Baba watoto alinunua dawa kwa mtu anayepita mtaani, iko kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo, haina jina, inanuka vibaya mno. Tukapulizia fremu, kabati, ukuta. Wale tuliowaona wakafa, tukapaka na oili chafu ya gari juu yake, tukabadilisha fremu tukaona tumemaliza. Wiki ya sita wakatokea choo cha ndani, upande wa pili kabisa wa nyumba. Na mtoto wetu wa mwisho alikuwa na miaka miwili, anatambaa na kushika shika kila kitu kwenye chumba kile, mpaka leo nikifikiria ile chupa isiyo na lebo moyo unaniuma.

Ndipo jirani akatuletea mzee mmoja fundi, ameshastaafu kujenga nyumba kubwa ila anaitwa itwa kuangalia matatizo kama haya. Alikuja na bisibisi na tochi tu. Hakuuliza dawa. Alizunguka nyumba nje mara mbili kimya, akaingia ndani akagonga gonga kila fremu na mpini wa bisibisi anasikiliza, mbao nzima inalia kavu, iliyoliwa inalia kama boksi tupu. Halafu akasema maneno ambayo mimi nimeyashika mpaka leo, "Mama, mchwa huwezi kumkataza asije, hii ardhi ni yake. Wewe mfanye apite mahali utakapomuona."

Akanionyesha moja moja. Nje, ukuta wa mbele nilikuwa na bustani ya maua, naipenda sana, nimeijaza udongo na samadi mpaka umefunika msingi wote na kugusa plasta, na kila jioni namwagilia kwa mpira. Dodoma hapa kuanzia Mei mpaka Novemba ardhi inakauka mpaka inapasuka, mchwa anatafuta unyevu kuliko kitu kingine, na mimi nilikuwa namtengenezea sehemu yenye ubaridi na maji imeegemea ukuta wangu, anapanda nyuma ya udongo wa maua anaingia kwenye plasta bila mtu kujua. Mzee alichimba kwa mkono tu pale kwenye maua, ile mishipa ya udongo ambayo mchwa wanapita ndani yake ikaonekana, imenyooka juu, minne imepangana.

Ndani, fremu zetu za mlango zilikuwa zimezikwa kwenye zege la sakafu, miguu ya fremu imeingia chini karibu inchi mbili, ndivyo mafundi wengi wanavyofanya ili isitikisike. Maana yake mguu wa mbao uko kwenye unyevu na karibu na udongo, mchwa hahitaji hata kutoka nje, anaingia kwa chini anapanda ndani ya mbao yenyewe na rangi inamficha. Na chooni, bomba la maji machafu lilipopita kwenye jamvi, yaani lile zege la sakafu, waliacha tundu kubwa wakaliziba na udongo na vipande vya tofali, juu wakaweka vigae. Bomba lenyewe linavuja kidogo kwenye kiungio. Kutoka hapo wameingia kwenye bomba la plastiki la nyaya za umeme, wamepanda nalo hadi darini. Tulipofungua dari, zile mbao za mbili kwa mbili zinazoshika jipsam zimeliwa upande mzima wa choo, na karatasi inayofunika jipsam nayo imeliwa, imebaki chokaa tupu inaning'inia.

Tulivunja sakafu ya sebule kona moja maana ilikuwa inalia mvungu. Chini yake kile kisiki cha mgunga kilikuwa kimebaki ganda, kifusi kimeshuka karibu kiganja kizima, jamvi linaelea hewani na limepata ufa. Ufa mwembamba tu, nadhani haufiki unene wa sarafu, na mchwa alikuwa anapita humo. Hapo ndo nikaelewa kwamba zege siyo kizuizi, zege zima ndo kizuizi, likipasuka ni mlango.

Kuhusu dawa nisieleweke vibaya, tulitumia, na ilisaidia, lakini ilitumika kwa utaratibu. Safari hii tulimchukua mtu anayefanya kazi hiyo kwa leseni, dawa ina lebo na namba ya usajili wa TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Alitueleza kuna dawa za kufukuza na kuna dawa ambazo mchwa hasikii harufu yake, anapita kwenye udongo uliowekwa dawa anaondoka nayo mwilini, anarudi kwa wenzake, na kwa vile wanalishana na kulambana wanaambukizana taratibu. Ile ya kwanza tuliyopuliza ndo iliwafanya wageuze njia wakatokea chooni. Alichimba mtaro mwembamba kuzunguka nyumba nzima umegusana na msingi, akamwaga mchanganyiko kwa kipimo cha lebo, kwetu ilikuwa lita 5 kwa kila mita moja ya mtaro, akarudishia udongo nao akaumwagia. Ndani akatoboa sakafu kwa drili kando ya kuta, tundu kila baada ya sentimita 30 hivi, akamimina na kuziba kwa saruji. Kabla hajaanza aliuliza kama kuna kisima karibu, na watoto tuliwahamishia kwa mama mdogo wao. Kama mtu wako wa dawa hakuulizi kisima mwambie asubiri kwanza. Na ukisikia mtu anasifia dawa za zamani, sijui aldrin sijui dieldrin, kwamba zile ndo zilikuwa dawa kweli, zilidumu ardhini miaka na miaka ndiyo, na ndiyo maana ziliwekwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa 2001, zinabaki kwenye udongo na kwenye miili yetu.

Oili chafu nayo niliulizwa sana na majirani. Kwa nguzo ya uzio inasogeza mbele siku, lakini haiingii ndani ya mbao, inakaa juu, jua likiikausha na mbao ikipasuka mchwa anaingia kwenye mpasuko. Ndani ya nyumba mimi siiweki tena kabisa, inachafua na harufu yake haiishi.

Matengenezo yote yalitugharimu kama milioni 4 na nusu, fremu tano, dari, sakafu, bomba, dawa. Kufanya mambo hayo wakati wa msingi kungekuwa sehemu ndogo tu ya hela hiyo.

Mwaka 2022 tukaanza kumjengea mama vyumba viwili na varanda upande wa nyuma, na hapo nilikuwa nimeshakuwa mtu mwingine. Yule mzee alikubali kusimamia. Tuling'oa kila kisiki na mizizi minene. Kulikuwa na kichuguu kidogo kwenye uzio, kile tulichimba mpaka tukakuta chumba cha malkia, na mzee akasema hata hapo usijipe uhakika, watu wa dawa wakapita. Udongo wa kichuguu haukuingia kwenye msingi, kifusi tulinunua moramu, ule udongo wa changarawe, tukashindilia kwa maji tabaka kwa tabaka, siku mbili nzima, mafundi wakaninunia maana walitaka kumwaga zege. Msingi tuliunyanyua kozi tatu za tofali juu ya ardhi. Kigingi kilichoingia kilihesabiwa na kikatoka kimehesabiwa, niliandika kwenye daftari, walinicheka lakini vilitoka vyote 14. Mawe, moramu, dawa ya mchwa ikamwagwa siku ambayo hakuna dalili ya mvua, siku hiyo hiyo nailoni nyeusi nzito ikatandikwa juu yake, wavu wa nondo, halafu jamvi. Jamvi tulilimwagilia maji asubuhi na jioni siku saba, na hiyo siyo ya mchwa tu, zege likikauka haraka na hili jua la Dodoma linapasuka, na nimeshasema ufa ni mlango. Kila bomba linalopita kwenye jamvi lilizungushiwa zege la kubana, hakuna tundu la kujaza na vipande.

Fremu za milango za mama ni za chuma. Ila hapa kuna jambo ambalo sikulijua, fremu ya chuma ina uwazi ndani, fundi akiifunga bila kuijaza saruji umemtengenezea mchwa lifti, anapanda ndani yake mpaka darini na wewe unaona chuma unajua uko salama. Zijazwe. Kama unataka mbao basi fremu ianzie juu ya sakafu iliyomaliziwa, isizikwe, na iwe mbao ya moyo. Mninga na mkongo ni mbao ngumu, mchwa hawazipendi, lakini ni ule moyo wa rangi, ile sehemu nyeupe ya pembeni inaliwa kama mbao nyingine, na siku hizi unauziwa mninga nusu yake nyeupe kwa bei ya mninga. Angalia kabla hujalipa.

Kenchi, yaani mbao za kubeba paa, tulitumia mbao za dawa, zile za kijani zinazotoka huko Iringa na Njombe. Nilikwenda dukani mwenyewe nikaomba wakate kipande mbele yangu. Ya kwanza ilikuwa kijani juu, ndani nyeupe pee, imechovywa tu. Nikahama duka. Duka la tatu rangi ilikuwa imeingia vizuri kwenye mbao. Na hata hiyo nzuri, fundi akiikata kwenye ncha ameshafungua sehemu ambayo dawa haikufika, kwa hiyo nilinunua dawa ya kupaka mbao na kila ncha iliyokatwa ilipakwa kabla haijapanda juu. Dari ya mama ina mlango wa kupandia, pale kwetu hapakuwa na mlango, ndo maana walikula mwaka mzima bila mtu kuchungulia.

Kuzunguka nyumba tukamwaga zege la upana wa mita moja limelalia nje, maji ya mvua yanakimbia mbali na ukuta, na pale zege linapokutana na ukuta tukaziba kwa lami. Maji ya bati yanaingia kwenye gata mpaka kwenye tangi, na bomba la tangi likijaa linamwaga kwenye migomba mbali huko, siyo ukutani. Maua yangu nayapenda bado, nimeyahamishia kwenye uzio.

Halafu rangi. Mafundi wa rangi wote wanapenda kupaka ule mkanda wa chini wa nje kahawia au nyeusi, ili matope ya mvua yasionekane. Mimi nikakataa, nikapaka rangi ya maziwa, nyumba zote mbili. Ni kweli inachafuka na naiosha. Lakini udongo wetu ni mwekundu, mchwa akipandisha kamshipa kake hata kembamba kama uzi nakaona nikiwa nimesimama getini. Kwenye kahawia kangekaa miezi bila kuonekana.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nazunguka na tochi, dakika 20 haziishi. Naangalia mkanda wa chini, nyuma ya mapipa, kwenye kona za gata, chini ya sinki, miguu ya fremu nagonga. Nikikuta mshipa wa udongo siukwangui wote, navunja kipande cha katikati kama urefu wa kidole naacha. Kesho yake nikikuta wameziba, wako kazini, napiga simu. Usipozibwa siku kadhaa inawezekana ni njia ya zamani, lakini nafuta na kuandika tarehe. Kuni za mama ziko juu ya tofali nne, mbali na ukuta. Kabati hazigusani na ukuta, mkono unapita nyuma, na hakuna boksi la karatasi linalokaa sakafuni kwenye nyumba yangu, makaratasi yako kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, juu ya rafu. Kumbikumbi wakitoka na mvua za kwanza nazima taa za nje, na asubuhi naangalia mbawa. Zikiwa nje kwenye varanda ni kawaida, mama anawaokota kwenye karai anakaanga na chumvi, watoto wanagombania. Zikiwa ndani na madirisha yalifungwa, basi wametokea humo humo ndani, hapo lazima utafute walipotokea.

Mdogo wangu yuko Tanga, juzi alinitumia picha ya vipunje vidogo kama mbegu chini ya meza yake akaniuliza kama ni hawa hawa. Wale ni wengine, mchwa wa mbao kavu, wanakaa ndani ya mbao yenyewe hawahitaji udongo wala hawajengi mishipa, wako sana ukanda wa pwani, na kwa mtaro huwezi kuwatibu, unatibu ile mbao au unaitoa. Nimemwambia meza itoke nje kwanza, halafu agonge na zilizobaki.

Mwezi uliopita nilikuta mshipa mmoja nyumba ya mama, kona ya nyuma, umefika sentimita kumi hivi kwenye ile rangi ya maziwa. Pale pale lami ilikuwa imeachia kidogo na mama alikuwa ameegemeza mchi wa kutwangia. Nikavunja kipande, kesho yake kimezibwa kibichi kabisa. Mtu wa dawa alikuja Jumatano, lami ikarudishiwa Alhamisi. Mama alikuwa amesimama mlangoni ananiangalia nimeinama na tochi mchana, akaubonyeza mguu wa fremu kwa kidole gumba, akaubonyeza tena kwa nguvu, akaingia ndani kuendelea na mchicha wake.